Maji Huanza Mkiani

Mashine haili ugali, kwa hiyo haijui njaa. Lakini haili rushwa pia, na hilo ndilo lililompatia Mgawaji kazi katika mlima wa Kirindoni, huko Upareni. Kamati ya maji iliyomtangulia ilikuwa inauza zamu. Mwenye mbuzi alimwagilia Jumatatu, mwenye kuku Alhamisi, na asiye na kitu alimwagilia kwa machozi. Watu wakachoka. Walipoletewa mashine ya kugawa maji ambayo haina shemeji wala kiu, waliipokea kwa vigelegele, na kila kaya ikaapa mbele ya wenzake kwamba mkono wa mtu hautagusa tena zamu za maji kwa siri.

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Asubuhi hii fundi aliyemleta Mgawaji, mwanamke wa miaka thelathini na nne aitwaye Nakijwa, alikuwa amepiga magoti kwenye shamba la maharage la Mzee Mcharo, anafukua mzizi kwa kidole. Hapa ni Mkiani, kitongoji cha mwisho cha mfereji. Juu yake kuna Kiunoni, na juu zaidi, karibu na bwawa, kuna Kichwani. Udongo ulikuwa mkavu mpaka alipoishiwa kidole.

Kando ya mzizi ulichomoza unywele wa Mgawaji, uzi mweusi mwembamba unaosikiliza unyevu wa udongo. Nywele kama hizo zilikuwa laki mbili mlima mzima, mashambani na kwenye kingo za mfereji, na zilikuwa zinampelekea Mgawaji ukweli mtupu usiku na mchana. Alijua pamekauka. Alijua maua yameanza kudondoka, na alijua yamedondoka mangapi.

"Kuanzia kesho kutwa lango la Mkiani litafungwa," ilisema nguzo ya Mgawaji iliyosimama pembeni ya shamba, kwa sauti ya upole. "Maji ya bwawani yanatosha siku tisa. Yatapelekwa yanakozaa zaidi. Poleni kwa usumbufu."

"Umelisikia?" Mzee Mcharo alimwambia Nakijwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye mdomo usiopumzika. "Kamati ya zamani ilinidhulumu miaka kumi, lakini haikuwahi kuniambia pole. Haya ndiyo maendeleo."

Nakijwa hakucheka. Wote wawili walikuwa wanajua kinachofuata. Kwa sheria ya chakula ya siku hizi, shamba likikosa mavuno misimu mitatu mfululizo linaandikwa kwamba limelala, na wenye nalo wanahamishiwa kwenye maghorofa ya tambarare wakale chakula cha mgawo. Mkiani kulikuwa na kaya arobaini na tatu. Huu ulikuwa msimu wa tatu.

"Mimi ghorofani nitafanya nini?" Mcharo aliuliza. "Nimwagilie ngazi?"

"Mzee wangu, nimekuja kutafuta njia."

"Basi anza kwa kunijibu. Kwa nini mashine inasema sisi hatuzai? Udongo wangu na wa Kichwani ni mtu na dada yake."

"Udongo hauna kosa. Ni njia. Mfereji una kilomita nne, na maji yanavuja. Ndoo kumi zikitoka bwawani, hapa zinafika nne. Mgawaji anaona sita zimekwenda bure, kwa hiyo anaziacha kule juu."

"Nani alizihesabu hizo ndoo?"

"Mimi. Siku namfunga Mgawaji."

"Siku gani?"

Nakijwa hakukumbuka, akaiuliza nguzo. Nguzo ilijibu bila kusita: kipimo cha msingi cha mfereji kilichukuliwa tarehe kumi na nne Machi, saa tatu asubuhi.

Mcharo alikunja kidole kimoja, kisha cha pili. Halafu akamtazama Nakijwa, na utani ulikuwa umemtoka wote usoni.

"Babu yako tulimzika tarehe kumi na mbili," alisema.

Nakijwa alihisi moto masikioni. Babu yake, Mzee Elinihaki, alikuwa mgawa maji wa mwisho kabla kamati haijaharibika, na akifa mgawa maji, mfereji mzima unaomboleza siku saba. Hakuna anayegusa jembe, hata ukingo ukibomoka. Siku ya maziko mvua ilinyesha, ikakata kingo sehemu kumi na moja, na watu wakazitazama wakazipita, kwa heshima ya marehemu. Yeye Nakijwa alikuja msibani na sanduku lake la vipimo, kwa sababu mradi ulitakiwa ukamilike mwezi ule. Wenzake walipokuwa turubaini wanaimba, alishuka mferejini akapima. Alipima mfereji uliokuwa matangani, akamwambia Mgawaji kwamba huo ndio mfereji.

"Mimi siku hiyo nilikuwa nachuna ng'ombe wa matanga," Mcharo alisema polepole. "Ng'ombe niliyemtoa mimi mwenyewe."

Ingekuwa afadhali angetukana.

*

Nakijwa alipanda mlima kwa miguu, akifuata mfereji. Watu wa mbali huuliza kwa nini Kirindoni hawakutandaza mabomba. Waliyatandaza, mara mbili. Mlima huu hutembea kidogo kila masika, na bomba halijui kutembea nao. Mfereji wa udongo unajua, mradi kuwe na watu wa kuufuata na majembe.

Alifika nguzo ya Kiunoni akaketi kwenye jiwe. "Mgawaji," alisema, "kipimo cha msingi kina kosa. Kilichukuliwa siku mfereji umebomoka. Pima upya."

"Napima kila saa," Mgawaji alijibu. "Leo saa nne asubuhi: ndoo kumi zinatoka, nne zinafika. Kipimo cha msingi ni sahihi."

Nakijwa alishangaa, mpaka alipotazama chini ya miguu yake. Pale pale, hatua mbili kutoka kwenye jiwe, maji yalikuwa yanatoroka kwenye tundu la kaa na kuingia kichakani. Tundu lilikuwa la zamani, limeota hadi magugu ya majimaji. Mwenye shamba la juu yake alikuwa hana habari nalo, na awe nayo ya nini? Maji yake alikwisha kunywa kabla hayajafika tunduni. Miaka sita sasa Mgawaji alikuwa anawanywesha Kichwani kwanza, na aliyekunywa haoni sababu ya kushika jembe kwa ajili ya maji yanayompita. Uongo wa siku moja ulipewa miaka sita, ukazaa ukweli.

Babu yake hakugawa hivyo. Kanuni yake ilikuwa moja, na watoto wote wa Kirindoni waliijua kabla ya kujua kuhesabu: maji huanza mkiani. Wa mwisho anakunywa kwanza, halafu wa katikati, halafu wa juu. Nakijwa alipokuwa chuoni aliiona kanuni ile kuwa ni huruma ya wazee tu, jambo zuri lisilo na hesabu. Sasa, amekaa mbele ya tundu la kaa, ndipo hesabu yake ilipomwingia. Wa juu akijua kwamba zamu yake haianzi mpaka wa chini ashibe, hataacha hata tone moja lichepuke njiani.

"Mgawaji, nikibadilisha mpangilio, Mkiani wakaanza?"

"Kwa upotevu wa sasa, Mkiani watahitaji siku nzima, kutoka saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Kiunoni watapata nusu. Tangawizi ya Kichwani itanyauka kwa theluthi."

"Na watu wakiziba mfereji?"

"Sina unywele wa kupima watu," Mgawaji alisema.

Kila fundi anajua mlango wa nyuma wa nyumba aliyoijenga. Nakijwa alikuwa na neno la siri la matengenezo. Angeweza kuandika kwamba zinafika ndoo nane badala ya nne, na Mgawaji angeyaanzia maji Mkiani kesho yake bila mtu kujua. Alilitaja nusu ya neno lile. Nguzo ikasubiri nusu ya pili.

Nakijwa hakuitaja. Watu hawa waliapa kwamba hakuna mkono utakaogusa maji kwa siri, na mkono wake ungekuwa mkono kama ule wa kamati, hata kama ulikuwa na nia njema. Kamati nayo ilianza na nia njema. Lakini akiacha, kaya arobaini na tatu zingehama kwa ajili ya asubuhi moja ya haraka zake. Aliona haya na aliogopa, na hakujua kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Palikuwa na njia moja tu ya halali. Mgawaji angeweza kufunguliwa kwa viganja viwili, kimoja cha Kichwani na kimoja cha Mkiani, vikiwekwa pamoja mchana kweupe mbele ya watu. Kifungu hicho cha mkataba alikiweka mwenyewe, ili kujaza fomu tu. Kiganja cha Mkiani kilikuwa cha Mzee Mcharo, na cha Kichwani kilikuwa cha shangazi yake, Namkunda.

*

Bi Namkunda alikuwa na tangawizi bora kuliko zote Kirindoni na hakuwa na tabia ya kuificha. Alisimama mbele ya mkutano ambao Nakijwa aliuitisha kesho yake, pale ukingoni mwa bwawa, kanga kiunoni, mikono kifuani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sema kilichotuleta, watu wana kazi."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Nakijwa aliyasema yote: tarehe, saa, mvua, kingo zilizobomoka, sanduku la vipimo. Alisema kwamba Mgawaji hakukosea hata siku moja, aliyekosea ni yeye, na kwamba mashine imekuwa mwaminifu kwa kosa lake miaka sita.

Mkutano ulivuma. Mtu mmoja wa Kichwani akasema kwa sauti kwamba huo ni ujanja wa kurudisha kamati. Mwingine akauliza nani atamlipia mahindi yakinyauka. Walikuwa na haki ya kuuliza. Kiapo ni kiapo, na wengi wao waliumizwa kweli na zile siku za mbuzi na kuku.

"Ningeweza kumbadilisha Mgawaji mwenyewe jana, msijue," Nakijwa alisema. "Neno la siri ninalo. Nilifika nusu, nikaacha. Leo nalifuta mbele yenu, mkikubali au mkikataa."

Akaigeukia nguzo, akalifuta. Nguzo ikasema limefutika.

Bi Namkunda alikuwa hajatikisika. "Rudia tena," alisema. "Ulipima lini?"

"Siku ya pili baada ya kumzika babu."

"Baba yangu."

"Ndiyo, shangazi."

"Mimi niko chini kwenye jamvi, nimemlilia baba mpaka sauti imekwisha, na wewe uko mferejini unapima." Sauti yake ilikuwa tulivu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nilidhani umekwenda kulia peke yako. Nilikuonea huruma. Nilikuwekea na nyama."

Machozi yalimtoka Nakijwa mbele ya mkutano, na hakuyafuta.

Mzee Mcharo akasogea mbele. Kila mtu alitegemea maneno yake yale ya kuchoma, lakini safari hii alizungumza taratibu. "Namkunda, dada yangu, sikuombi huruma. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wala sikulaumu, mimi ningekuwa juu nisingekujua pia. Naomba zamu moja tu. Mkiani tuanze mara moja. Ikishindikana, tutafunga virago bila kelele."

"Ikishindikana na tangawizi yangu imekwenda?"

"Utakuja kututembelea ghorofani. Tutakupikia chakula cha mgawo."

Mtu akacheka, kisha akajizuia. Bi Namkunda alitazama shamba lake, mistari ya kijani iliyopangika chini ya migomba, kazi ya mikono yake tangu alipofiwa na mume. Halafu akamtazama Mcharo, mtu aliyetoa ng'ombe kwenye msiba wa baba yake na hakuwahi kumkumbusha jambo hilo.

"Mnasikia," alisema, akiwageukia watu wa Kichwani. "Tangawizi ikinyauka nitapanda nyingine. Lakini siwezi kukubali iwe kwamba msiba wa baba yangu ndio uliowatia watu njaa. Alikuwa mgawa maji, jamani. Watu waache kula kwa sababu tuliheshimu jembe lake?"

"Na wewe," alimwambia Nakijwa, "hili halijaisha. Tutaongea nyumbani. Mcharo, lete kiganja."

Waliweka viganja vyao kwenye nguzo, kimoja cheusi kwa udongo mkavu, kimoja cha manjano kwa tangawizi. Mgawaji akasema amefunguka. Nakijwa akampa maneno matatu ya mpangilio mpya, yaleyale ya babu yake, kwa sauti, kila mtu asikie.

Ndipo Bi Namkunda akaagiza baragumu. Halikuwa limepulizwa miaka sita, na mpulizaji alilipuliza mara ya kwanza likatoa vumbi. Mara ya pili lililia mpaka mlima wa pili ukajibu. Watoto ambao hawakuwahi kulisikia waliuliza ni nini, wakaambiwa: msaragambo, wito wa kazi ya wote. Kesho kila kaya, kila jembe, mferejini.

*

Saa kumi na mbili asubuhi lango la bwawa lilifunguka na maji yakashuka, yakawapita Kichwani bila kuwasalimu.

Haijawahi kuonekana bidii kama ile. Zamu ya Kichwani ilikuwa haianzi mpaka Mkiani wafunge, na kila mwenye shamba la juu alijua kwamba tone linalovuja linamchelewesha yeye. Watu waliyafuata maji kwa mbio za kutembea, wenye majembe wanapandisha kingo, wenye mapanga wanakata migomba ya kuzibia. Waliosoma na wasiosoma walikuwa matope mpaka magotini. Yule bwana aliyeulizia mahindi yake alikuwa amelala kifudifudi, mkono mzima ndani ya tundu, anamtoa kaa huku akimwita majina yasiyoandikika.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," mtu alimtania.

"Niletee udongo, methali zako ukale jioni."

Nguzo zilikuwa zinasoma kwa sauti. Saa moja, zinafika ndoo nne. Saa mbili, tano. Saa tatu Mgawaji alisema sita, akanyamaza, akasema tena sita, kana kwamba anahakikisha. Nakijwa alikuwa Kiunoni, anakanyaga udongo mfinyanzi kwa miguu mitupu pamoja na shangazi yake. Hawakuwa wameongea tangu jana. Saa nne nguzo iliposema saba, Bi Namkunda alimrushia bonge la udongo begani.

"Kanyaga vizuri," alisema. "Babu yako angekucheka." Nakijwa alijua kwamba nusu ya msamaha imekwisha kuja.

Saa tano kasoro walikuwa wamefika Mkiani wote, juu na kati na chini, wamejaa pembezoni mwa mashamba. Maji yaliingia shamba la Mcharo kwa unene ambao hawakuuona tangu siku za mzee. Yalijaza mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Udongo ulikuwa unayanywa kwa mlio wa kusikika. Mama mmoja wa Mkiani, aliyekwisha kufunga vyombo vyake kwenye magunia, aliketi chini katikati ya maji na nguo zake zote akakataa kuinuka.

"Ndoo kumi zinatoka," Mgawaji alisema, "nane zinafika. Kipimo cha msingi kimebadilishwa. Mashamba ya Mkiani hayataandikwa kwamba yamelala."

Vigelegele vilivyopanda mlima huo, sivielezi. Nakijwa alishikana mikono na watu asiowajua, akalia tena, safari hii bila haya.

Zamu ya Mkiani ilikuwa mpaka saa kumi na mbili jioni. Saa saba mchana Mzee Mcharo alipita shamba kwa shamba na wenzake, wanachomeka vidole udongoni. Wakasemezana kidogo. Kisha Mcharo akaenda kwenye lango, akalifunga.

"Zamu ya Mkiani haijaisha," ilisema nguzo. "Zimebaki saa tano. Kuna hitilafu?"

"Hakuna."

"Taja sababu ya kufunga: mafuriko, kuharibika kwa lango, au nyingine."

"Nyingine. Andika tumeshiba."

"Neno hilo halimo kwenye orodha," nguzo ilisema. "Katika miaka sita hakuna aliyefunga kabla ya muda wake. Naomba maana yake."

Mcharo alimgeukia Nakijwa. "Injinia, mtoto wako anauliza."

Nakijwa alijipangusa matope usoni. "Maana yake," aliiambia nguzo, "ni kwamba mtu anaweza kuchukua zaidi, lakini anamkumbuka wa pili yake."

"Nimepokea," Mgawaji alisema. "Nawafungulia Kiunoni."

Kiunoni walimwagilia mpaka saa kumi, wakafunga wenyewe. Walipoulizwa sababu walijibu kwa pamoja, kwa kujivuna, kama watu waliofundishwa neno jipya. Kwa hiyo Kichwani, waliojiandaa kungoja hadi kesho kutwa, walipata maji siku ile ile jua lingali juu. Bi Namkunda alifungua mwenyewe lango la shamba lake, akasimama katikati ya tangawizi, maji yakimpita vifundoni. Bwawa nyuma yake lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu.

Alikuwa mwanamke ambaye, kwa kumbukumbu ya wote, hajawahi kukiri kwamba amepata cha kutosha, iwe ni nyama, mvua au sifa. Majirani walisimama kwenye ukingo kumtazama, na wengine walikuwa wamekwisha kubishana kama atafunga au hatafunga. Alichomeka kidole udongoni, akakitoa, akakiangalia pande zote mbili.

"Mnanitazamia nini?" alisema. Akalivuta lango, likafunga. "Wewe mashine, niandike na mimi."

"Taja sababu," nguzo ilisema.

"Umeshaisikia mara mbili leo."

"Nimeisikia," Mgawaji alijibu. "Kirindoni imeshiba."